Mbinu za kusoma mfupa, kwa anayezuru kisiwa cha Rusinga, Kenya

Kabla ya kupanda kilima cha Hiwegi kutafuta mabaki ya kale, pita sokoni Mbita ununue miguu ya kuku. Mahali mguu ulipokatwa utaona nyuzi nyeupe: hizo ni kano. Bana ya nyuma kwa koleo, uivute polepole. Vidole vinajikunja. Vuta ya mbele, vinanyooka. Kuku amekwisha kufa, lakini kidole kinatii, kwa sababu misuli yenyewe ilikuwa juu zaidi, kwenye mnofu, na kano zilifikisha tu mvuto wake hadi chini. Shika hilo vizuri: msuli huvuta, hausukumi. Ndiyo maana kiungo huhitaji misuli ya kukunja na mingine ya kunyoosha.

Sasa chemsha mguu wa mbele wa mbuzi, pamoja na kiwiko, hadi nyama iachane na mfupa. Upapase kwa kidole gumba. Ncha zinateleza, hapo ndipo mfupa ulipokutana na mwenzake, gegedu ikiwa katikati. Kwingine utagusa matuta na sehemu zenye kukwaruza, na nyingi kati ya hizo ni alama za pale msuli ulipojishikiza. Nyuma ya kiwiko mfupa umechomoza. Hicho ni kishikio cha wenzo: msuli ukikivuta juu, mguu wa chini unanyooka. Kikiwa kirefu, mnyama hupata nguvu; kikiwa kifupi, hupata wepesi.

Ukishazoea hayo, mifupa ya Rusinga itakueleza mengi. Mwaka 1948 mwanaakiolojia Mary Leakey alipata hapa fuvu la Proconsul, jamaa wa kale wa sokwe (huyu wa Rusinga siku hizi anaitwa Ekembo), aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Fuvu ndilo lililovuma, ila mimi navutiwa zaidi na mifupa ya mikono na miguu na pingili za uti wa mgongo zilizopatikana Kaswanga, papa hapa kisiwani. Mikono na miguu yake ilikaribiana kwa urefu. Basi alitembea kwa minne juu ya matawi, hakuning'inia na kubembea. Pingili ya mwisho ya nyonga inachongoka badala ya kubaki pana kama ya tumbili, na kwa hiyo wataalamu wakasema hakuwa na mkia.

Ukikuta mfupa mteremkoni, usiung'oe wala kuusafisha. Uking'olewa, tabaka lililoweza kutaja umri wake limepotea. Weka kalamu kando yake ionyeshe ukubwa, piga picha ya karibu na ya mbali, hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu, kisha waarifu Makumbusho ya Taifa. Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inataka waarifiwe. Eleza pia mteremko unaelekea wapi. Mvua huteremsha vipande, na nusu ya pili ya mfupa huo huenda bado imo mwambani, hatua chache juu yako.