Kiinitete Maabarani: Kukisaidia Kijishikize au Kukichagua?



Tangu Louise Brown alipozaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili wa mama, maabara zimehangaika na tatizo moja: viinitete vingi vikishawekwa katika mji wa mimba havijishikizi. Wanandoa hulipa fedha nyingi, hungoja, na mara nyingi hulia.

Katika siku zake za kwanza kiinitete huzungukwa na ganda jembamba. Kati ya siku ya 5 na ya 7 ni lazima kitoke humo ndipo kijishikize. Kwa hiyo wataalamu wengine hutoboa ganda hilo kwa mwanga wa leza. Wengine huongeza asidi ya haiyaluroni katika majimaji ya kuhamishia. Wengine hukilea hadi siku ya 5 badala ya siku ya 3, waone kipi kimekua vizuri. Wengine hunyofoa seli chache na kupima kromosomu.

Je, mbinu hizi zote zina uzito mmoja kimaadili? Tunaona hapana. Anayetoboa ganda anataka kiinitete hichohicho kiishi, na hati Donum Vitae ya 1987 inakubali tiba kwa kiinitete, mradi iheshimu uhai wake na isikitie katika hatari kupita kiasi. Lakini anayepima kromosomu ili chenye kasoro kitupwe hamtibu mgonjwa yeyote, anamkataa.

Basi leza ni ruksa? Hapa Aristotle anatufaa. Katika kitabu cha 6 cha Maadili yake kwa Nikomako anatofautisha kutenda na kutengeneza. Kinachotengenezwa hupimwa kwa ubora wake. Seremala hukataa ubao wenye ufa, na ana haki. Utungaji wa maabarani humweka mtoto mahali pa ubao, hata kama fundi ni mpole na wazazi wana mapendo ya kweli. Leza inaingia baada ya hatua hiyo, haiwezi kuisahihisha. Ndiyo maana Kanisa hufundisha kwamba mtoto atokane na tendo la ndoa lenyewe.

Dignitas Personae ya 2008 haiwaachi wanandoa mikono mitupu: inataja tiba ya homoni, upasuaji wa endometriosisi na kuzibua mirija ya uzazi. Tiba hizi husaidia tendo la ndoa lizae, hazichukui nafasi yake. Tungependa zitajwe zaidi katika jumuiya ndogondogo, ambako mama asiye na mtoto husikia maneno makali kuliko msaada. Na mtoto aliyekwisha kuzaliwa kwa njia ya maabara ni zawadi ya Mungu kamili; asinyooshewe kidole siku ya ubatizo.

Vinabaki viinitete vilivyogandishwa. Kuvitumia kwa utafiti ni kuviua. Kuwapa wanandoa wengine wavizae, hati hiyo inasifu nia yake lakini inaona matatizo mengi, na inakiri kwamba maelfu haya yaliyoachwa ni hali ya udhalimu isiyoweza kutatuliwa. Kwa sasa vimo katika naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri.