Mahakama na Baraza: Asili na Mipaka ya Maana

Makala haya yanachunguza asili ya neno mahakama kwa kulilinganisha na baraza, huku mifano ikitolewa katika pwani ya Mtwara, kutoka Mikindani hadi mlango wa Mto Ruvuma. Hoja ya msingi ni kwamba mahakama kwa asili hutaja mahali pa kuamua, ilhali baraza hutaja mahali pa kukaa.

Mahakama limetokana na neno la Kiarabu mahkama. Mzizi wake, h-k-m, ndio uliozaa pia hukumu, hakimu na hekima. Wanaleksikografia wa Kiarabu huuhusisha mzizi huo na hakama, yaani lijamu ya farasi; hivyo kuhukumu ni kuzuia. Kiambishi ma- hapa ni cha mahali, kama katika maktaba na madrasa, wala si cha wingi. Ndiyo sababu husemwa mahakama imeamua na mahakama zimeamua. Umoja *hakama haupo.

Baraza, kwa upande wake, ni kikalio cha mawe mbele ya nyumba, kama kwenye nyumba kongwe za Mikindani. Kutokana na kikalio, maana ilipanuka ikawataja wanaokaa hapo, kisha chombo chenye mamlaka. Neno shauri nalo lilianzia katika kushauriana. Wajerumani, waliojenga boma la Mikindani mwaka 1895, walilitumia kwa kikao cha kusikiliza kesi, na hadi leo mahakama husikiliza mashauri.

Upanuzi huo wa maana una athari kisheria. Mabaraza ya Kata yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, na baadaye yakapewa uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliyaondolea uwezo huo, yakabaki na usuluhishi. Hata hivyo, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya huendelea kuamua. Kwa hiyo mkulima wa Msimbati anayegombania shamba la mikorosho hupita katika mabaraza mawili: la kwanza humpatanisha na mwenzake, la pili humhukumu. Asiyetambua tofauti hiyo aweza kudhani kuwa amekwisha kupata hukumu, kumbe alichopata ni suluhu tu.

Inadhihirika, basi, kwamba baraza la kata limerejea kwenye maana iliyo karibu zaidi na asili yake, ilhali la wilaya linafanya kazi ya mahakama kwa jina la kikalio. Waundaji wa istilahi za sheria hawana budi kulizingatia jambo hili, kwani utata wa neno moja waweza kumgharimu mtu shamba lake.