Kompyuta Isiyotaka Kuamka: Somo la Kutafuta Chanzo

Miaka michache iliyopita mwalimu mmoja wa sekondari ya pwani aliniletea kompyuta ya shule yake. Ndani ya diski yake zilikuwamo alama za maendeleo za wanafunzi wa kidato cha nne za miaka miwili, wala hapakuwa na nakala penginepo. Kila ilipowashwa feni ilizunguka, jina la kiwanda likatokea, kisha kiwambo kikageuka rangi ya buluu na mashine ikaanza upya, tena na tena. Fundi wa kwanza alikwisha kutoa hukumu: diski imeharibika, ifutwe, na programu zote ziwekwe upya. Mwalimu alitaka kujua kama hukumu hiyo ina rufani.

Katika makala haya tutaeleza namna ya kujibu swali la aina hiyo. Kompyuta haiamki kwa pigo moja. Huamka kwa hatua, na kila hatua huingojea iliyoitangulia. Kwa hiyo kazi ya mtafutaji si kubahatisha kifaa kibovu, bali ni kuuliza: mashine imefika hatua gani kabla ya kukwama?

Hatua ya kwanza ni umeme. Umeme wa ukutani hapa Tanzania ni wa volti 230, nao hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde. Kisanduku cha umeme kilichomo ndani ya kompyuta huugeuza uwe mkondo wa mwelekeo mmoja wenye volti 12, 5 na 3.3. Basi kabla ya kushika bisibisi, chomeka taa ya mezani katika soketi ile ile uone kama inawaka, jaribu waya mwingine, na hakikisha kwamba kiwambo nacho kimewashwa. Yapo maabara ambayo yamemwita fundi kutoka mbali kwa sababu ya swichi ya ukutani.

Kisanduku chenyewe mwanafunzi asikifungue kamwe. Kilele cha umeme wa volti 230 ni 230 × 1.41, yaani volti 325 hivi, na kapasita iliyomo yaweza kuhifadhi volti kama hizo hata baada ya plagi kuchomolewa.

Yafaa kujua kwamba kisanduku hicho hujipima chenyewe. Volti zake zikishatulia, hungoja kitambo kisichozidi nusu sekunde, kisha hupeleka ishara ya volti 5 kwenye ubao mkuu. Kabla ya ishara hiyo prosesa huwa imezuiwa isifanye lolote. Ndiyo maana feni inayozunguka si ushahidi kwamba mashine ni nzima. Yathibitisha tu kwamba volti 12 zipo. Na feni ikigutuka mara moja kisha ikasimama, mara nyingi kisanduku kimehisi mkondo uliozidi kiasi, kikajizima ili kujilinda. Hapo chomoa plagi, ondoa kifaa kimoja kimoja, na kila mara ujaribu tena. Kifaa ambacho kuondolewa kwake kumeiamsha mashine ndicho cha kushukiwa.

Prosesa ikishaachiliwa, husoma maagizo yaliyomo katika chipu moja ya ubao mkuu. Programu hiyo katika mashine za zamani huitwa BIOS, na katika za leo UEFI. Kazi yake ya kwanza ni ukaguzi. IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani mwaka 1981, mlio mmoja mfupi ulimaanisha kwamba yote ni salama. Namba 201 ikitokea kwenye kiwambo ilishtaki kumbukumbu, na 301 ilishtaki kibodi. Watengenezaji waliofuata walijiwekea kila mmoja milio yake, kwa hiyo hapana budi kutazama kitabu cha mashine inayohusika.

Kiwambo kikibaki cheusi, liko jaribio moja zuri la kufundishia mantiki. Chomoa plagi, gusa chuma cha sanduku ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha toa vijiti vyote vya kumbukumbu na uwashe. Mashine yenye spika ndogo ikilia kulalamika, furahi: ili ilie, yahitaji umeme, ubao na prosesa, na vyote hivyo vimejibu. Kosa sasa latafutwa kwenye kumbukumbu au kadi ya picha. Huku pwani unyevu na vumbi hushika miguu ya vijiti hivyo. Vifute kwa kitambaa safi chenye spiriti kidogo. Wengine hutumia kifutio cha penseli, lakini mimi sikipendi, kwani dhahabu iliyopakwa pale ni nyembamba mno.

Ukaguzi ukiisha salama, mashine hutafuta diski yenye programu ya kuanzia. Ikisema haikuipata, kwanza chomoa diski ndogo za mfukoni zilizosahaulika. Diski kuu ikitoa sauti ya kugongagonga, zima mara moja, kwa maana kila kuwasha kwaweza kuharibu zaidi.

Turudi sasa kwa mgeni wetu. Mashine yake ilivuka umeme na ukaguzi, na diski haikugonga. Nilipofungua ukurasa wa mipangilio, tarehe ilisomeka mwaka 2009. Hapo ndipo ulipokuwa ufunguo. Juu ya ubao mkuu ipo betri ya duara iitwayo CR2032: kipenyo chake ni milimita 20, unene wake 3.2, na volti zake 3. Ndiyo inayoendesha saa umeme ukikatika. Saa hiyo hutumia fuwele inayotetema mara 32,768 kwa sekunde, nayo ni 2 kwa kipeo cha 15; igawe kwa mbili mara kumi na tano upate sekunde kamili. Katika mashine nyingi betri hiyo pia hutunza mipangilio. Shule ile ilizima umeme wa maabara ukutani kila jioni, na likizo ilikuwa ndefu. Mita yangu ilisoma chini ya volti 2.

Betri ilipokufa, ubao ulirudia mipangilio ya kiwandani, ikiwa ni pamoja na namna ya kuzungumza na diski. Programu kuu, iliyowekwa kwa namna nyingine, haikuweza kuiona diski yake, ikakwama. Niliweka betri mpya, nikarekebisha tarehe, nikairudisha ile namna ya awali. Mashine iliamka mara ya kwanza. Kabla ya chai alama zote zilikuwa zimenakiliwa kwenye diski mbili, moja ikaenda ofisini kwa mkuu wa shule.