Sumu Inayobaki Ardhini Baada ya Kiwanda Kufungwa

Kiwanda kibaya kinapofungwa, moshi hukoma na harufu huisha. Watu hushukuru na kusema kwamba hatari imekwisha. Mwezi huu tutajifunza kwa nini hatari haiishi siku hiyo, na ni kazi gani inayotakiwa ili udongo na maji ya mahali pale vifae tena kwa watu. Tutachukua mfano wa Owino Uhuru, mtaa ulioko Mikindani, Mombasa.

Yaliyotokea Owino Uhuru

Owino Uhuru ni mtaa wa watu wapatao 3,000 wenye kipato kidogo. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi ubavuni mwa nyumba zao. Betri zilipasuliwa, kisha madini ya risasi yaliyomo yakayeyushwa katika tanuri ili yauzwe tena. Vumbi la risasi lilitua juu ya mabati, uani na kwenye vyombo. Maji machafu yenye tindikali yalitiririka kuelekea makazi ya watu.

Mwaka 2009 Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliona mtoto wake mchanga akiugua. Vipimo vilionyesha kwamba mtoto ana risasi mwilini. Mama huyo aliacha kazi, akaungana na wakazi kudai haki yao. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 Bi. Omido alipewa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira.

Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na ikaagiza udongo na maji yasafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ilitengua fidia hiyo. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliirudisha. Tuhesabu basi: tangu kiwanda kufungwa hadi hukumu ya mwisho ilipita miaka 10. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kufungwa alikwisha kufika darasa la juu la shule ya msingi.

Je, katika miaka hiyo udongo ulijisafisha wenyewe? Hapana. Mwaka 2015, baada ya tanuri kuzimwa, wataalamu walipima damu ya watoto wadogo wa Owino Uhuru na ya wenzao wa mtaa jirani wa Bangladesh. Wastani kwa watoto wa Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 za risasi katika kila desilita ya damu. Kwa wa Bangladesh ulikuwa 3.7. Udongo nao ulipimwa. Wa Owino Uhuru ulikuwa na wastani wa miligramu 146.5 za risasi katika kila kilo moja, na wa Bangladesh miligramu 11.5. Ndiyo kusema, moshi ulikuwa umekoma, lakini sumu ilikuwa imehamia ardhini.

Kwa nini risasi haiondoki?

Takataka za jikoni huoza. Mafuta ya taa yakimwagika, mengine huruka hewani. Risasi haiozi wala haigeuki kuwa kitu kingine. Hushikamana na chembe za udongo wa juu, pale pale watoto wanapocheza. Mvua huisogeza kuelekea mitaroni, na upepo huipeperusha kuingia nyumbani.

Kwa kawaida risasi haizami upesi hadi kwenye maji yaliyo chini ya ardhi. Lakini tindikali ikimwagwa pamoja nayo, huilegeza, nayo hufuata maji kwenda chini. Hapo kisima huweza kuharibika. Jambo la kukumbuka sana ni hili: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi. Maji yakipungua sufuriani kwa kuchemka, risasi hubaki ile ile katika maji machache zaidi.

Madhara yake mwilini

Shirika la Afya Duniani linatufundisha kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hupatwa zaidi kwa sababu hutambaa na kutia vidole mdomoni. Tena mwili wake hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mwili wa mtu mzima.

Risasi hudhuru ubongo unaokua. Mtoto huwa mzito kujifunza, hushindwa kutulia, au hukosa damu ya kutosha. Ikizidi sana huleta maumivu ya tumbo, kutapika, degedege, hata kifo. Wengi hawaonyeshi dalili yoyote, kwa hiyo kipimo cha damu ndicho kinachosema kweli. Risasi hujificha pia mifupani kwa miaka mingi, na mama akipata mimba huweza kutoka na kumfikia mtoto tumboni.

Udongo husafishwaje?

Kazi hii ina hatua zake, na hatua moja ikirukwa, fedha hupotea bure.

1. Kupima. Udongo huchukuliwa sehemu nyingi, kwa kina mbalimbali, na visima hupimwa. Sumu haikai sawasawa: ua wa nyumba moja waweza kuwa mbaya na wa jirani ukawa na nafuu. Kutokana na vipimo huchorwa ramani.

2. Kuondoa chanzo. Majivu ya tanuri, mabaki ya betri na matope ya mashimo ya tindikali huondolewa kwanza. Yakiachwa, mvua ya kwanza hurudisha sumu palipokwisha kusafishwa.

3. Kuchimba udongo mbaya. Udongo wa juu huchimbwa ukiwa umenyunyiziwa maji ili vumbi lisiruke. Hupelekwa kwenye shimo maalumu lenye sakafu isiyopitisha maji, kisha hufunikwa. Kuumwaga bondeni au kuuza kama kifusi cha kujengea ni kuhamishia ugonjwa kwa watu wengine.

4. Kufunika. Mahali palipochimbwa huwekwa udongo safi. Pale pasipochimbika hufunikwa kwa zege, lami au tabaka nene la udongo safi lenye nyasi. Wataalamu huweza pia kuchanganya fosfeti katika udongo ili risasi ishikwe na isiyeyuke kwa urahisi.

5. Kutibu maji. Maji ya chini yakiwa yameharibika, huvutwa kwa pampu, husafishwa, na visima huendelea kupimwa kwa miaka. Wakati huo watu hupewa maji kutoka mahali pengine.

6. Kupima tena. Udongo hupimwa upya, na damu ya watoto pia. Damu ya watoto ndiyo inayotuonyesha kama kazi imefaulu.

Dawa bila usafi haitoshi

Kuna wanaouliza: kwa nini watoto wasipewe dawa tu? Jibu tunalipata Zamfara, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba watu walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu yenye risasi majumbani mwao. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Zipo dawa za kutoa risasi mwilini kwa waliozidiwa, lakini madaktari waliona kwamba mtoto anayetibiwa na kurudishwa kwenye ua ule ule huugua tena. Kwa hiyo udongo wa juu ulichimbwa, ukazikwa, na udongo safi ukawekwa, kijiji baada ya kijiji. Kijiji cha Bagega, cha nane, kilisafishwa mwaka 2013. Wanakijiji wenyewe walishika majembe, chini ya uongozi wa mafundi.

Sisi nyumbani tufanye nini?

Kusafisha eneo la kiwanda ni wajibu wa waliochafua na wa serikali. Hata hivyo, familia inayosubiri inaweza kupunguza madhara:

– Kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, hasa watoto.
– Kuacha viatu nje, na kupiga deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kukavu.
– Kufunika ua kwa udongo safi au nyasi, na kuwatandikia watoto mkeka wanapocheza.
– Kutolima mchicha na mboga nyingine katika udongo unaoshukiwa. Tupande kwenye magunia au ndoo zenye udongo wa kutoka mbali.
– Kutokinga maji ya mvua kwenye mabati yenye vumbi la kiwanda.
– Kuwapa watoto dagaa, maharage, maziwa na mboga za majani. Mwili wenye madini ya chuma na kalsiamu ya kutosha hufyonza risasi kidogo zaidi.
– Kutopasua wala kuyeyusha betri nyumbani. Anayefanya kazi hiyo kwingine aoge na abadili nguo kabla ya kumpakata mtoto.

Aliyekaa karibu na kiwanda cha namna hii aulize hospitali juu ya kipimo cha risasi katika damu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu akikutwa na mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe.

Mwisho, tusinunue kiwanja wala kuchimba kisima kabla ya kuwauliza wazee wa mtaa: hapa palikuwa na nini zamani? Bei nafuu ya kiwanja yaweza kulipwa baadaye na ubongo wa mtoto.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Katika mtaa wetu, ni wapi palikuwa na kiwanda, gereji au ghala la dawa za mashamba, na sasa pana nini?
2. Betri kuukuu za kwetu huenda wapi?
3. Tukiona hatari, ni ofisi gani tutaiandikia barua, na nani kati yetu ataiandika?