NYUMBA YA URITHI: TUIKARABATI AU TUNUNUE MPYA?



Ndugu msomaji, hili ni suala linalozikabili familia nyingi za Kiislamu mijini. Baba amefariki na ameacha nyumba ya zamani Kariakoo, Magomeni au Ilala: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Bati limeoza na kuta zinapukutika. Mtoto mkubwa, anayeishi humo, ana akiba ya shilingi milioni 30. Je, aikarabati nyumba hiyo au akanunue mpya?

Wengi wetu huanza kwa kumwita fundi. Fundi akisema ukarabati ni milioni 30, na nyumba mpya inauzwa milioni 70, hesabu huonekana imekwisha. La hasha! Swali la kwanza si la saruji na nondo. Swali la kwanza ni hili: nyumba hiyo ni ya nani?

Allah (SW) amebainisha katika Suratun-Nisaa (4:7) kuwa wanaume wana fungu lao na wanawake wana fungu lao katika walichoacha wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kingi. Kisha katika aya ya 11 na 12 akayataja mafungu yenyewe. Kwa hiyo, haki ya warithi haingoji nyumba iwe nzuri, wala haifutiki kwa kuwa dada zetu wameolewa na wanaishi kwa waume zao.

Tuchukue mfano. Marehemu ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Hana deni wala wasia, na wazazi wake walishatangulia mbele ya haki. Nyumba imethaminiwa kwa milioni 80. Mke anapata thumni (1/8), yaani milioni 10. Kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Hivyo kila binti ana milioni 10 na kila mwana ana milioni 20.

Sasa tuirudie hesabu ya kaka mkubwa. Fungu lake ni milioni 20, na milioni 60 ni za wenzake. Akitaka kubaki na nyumba hiyo awe mmiliki peke yake, atahitaji milioni 30 za ukarabati na milioni 60 za kuwalipa warithi. Jumla ni milioni 90, naye ana 30 tu. Amepungukiwa milioni 60. Lakini ikiuzwa na kila mtu akapewa haki yake, atakuwa na milioni 50 mkononi, na ile nyumba ya milioni 70 atapungukiwa 20 tu. Ukarabati ulioonekana rahisi ulikuwa rahisi kwa sababu ndani yake mlikuwa na mali za watu.

Wapo watakaosema: “Mimi ndiye msimamizi wa mirathi, mahakama imeniteua.” Ndugu yangu, usimamizi ni amana, si umiliki. Kazi ya msimamizi ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Na ikiwa miongoni mwa warithi wamo mayatima wadogo, jambo ni zito zaidi, kwani aya ya 10 ya sura hiyo hiyo inatoa onyo kali kwa anayekula mali ya yatima kwa dhuluma.

Hatusemi kwamba kukarabati ni haramu. Warithi wakiridhiana, zipo njia. Kaka anaweza kununua mafungu ya wenzake, hata kwa awamu, bila nyongeza kwa kuchelewa. Au wanaweza kubaki washirika. Hapo nyumba ithaminiwe kabla ya fundi kuanza, michango ya kila mmoja iandikwe, na mashahidi wawepo, kama tunavyofundishwa kuandikiana madeni katika Suratul-Baqarah (2:282). Mrithi akitaka kuuza fungu lake, Mtume (SAW) ameelekeza kuwa mshirika ajulishwe kwanza. Aidha, mama asitolewe chumbani mwake bila kuulizwa.

Anayeamua kununua mpya naye ana mitihani yake. Pengo la milioni 20 lisimpeleke kwenye riba. Benki ya Amana ilianza kazi nchini mwaka 2011 kwa misingi ya sharia, na baadhi ya benki nyingine zina madirisha ya namna hiyo. Hata huko, soma mkataba: katika murabaha, benki lazima iimiliki nyumba kwanza ndipo ikuuzie kwa faida inayojulikana. Na ukinunua nyumba ambayo haijajengwa, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikubali mwaka 1992, mjini Jeddah, mkataba wa istisnaa, kwa sharti kwamba sifa za kitu na muda wa kukikabidhi vibainishwe. Kwa fleti, ulizia hati ya sehemu yako chini ya sheria ya mwaka 2008.

Wala tusidhani kuwa upya ndio usalama. Mwaka 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Mwaka 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib, Zanzibar, ilianguka ikiwa katika ukarabati. Mwaka 2024 ghorofa likaanguka Kariakoo. Iwe ya zamani au mpya, mhandisi aikague na kibali cha halmashauri kionekane.

Ndugu Waislamu, katika Suratun-Nahl (16:80) Allah anatukumbusha kuwa nyumba zetu amezifanya mahali pa utulivu. Utulivu gani utapatikana chini ya bati jipya, ilhali dada analia kwa mumewe kwamba kaka kamdhulumu? Tuanze na kalamu ya mirathi, kisha mwiko wa fundi ufuate.

Wabillahi tawfiq.