Amri ya Nane na Mwili wa Jirani



Mmekwisha kujifunza ya kuwa amri ya nane haikatazi uwongo wa barazani tu. Yakataza pia masengenyo na masingizio, tena yakataza kuhukumu ovyo, yaani kumdhania jirani mabaya moyoni pasipo sababu ya kutosha. Watu hulikubali fundisho hili upesi wakifikiri habari za wizi, au za uchawi, au za ugoni. Lakini liko jambo moja wasilolihesabu kuwa ni hukumu hata kidogo, na kwa hiyo hulitenda mchana kweupe, tena kwa kicheko: kuutazama mwili wa mtu, kuupima kwa macho, kuutangaza unene wake au wembamba wake mbele ya watu, kisha kumpa shauri asiloliomba. Jambo hilo ndilo somo letu la leo.

Simameni siku moja sokoni Fungurume, karibu na ile barabara kuu itokayo Likasi kwenda Kolwezi, malori ya shaba yakipita na vumbi lake. Sikilizeni salamu. Mama mmoja hajatua bado kikapu chake, na mwenzake amekwisha kumwambia kwa sauti, "Mama, umenona mno! Uache bukari ya usiku." Hatua kumi mbele, kijana aliyerudi kutoka machimboni aambiwa, "Yaya, mbona umekonda hivi? Una nini?" Wote wawili hucheka, maana desturi yataka mtu acheke. Lakini yule mama atarudi nyumbani na neno lile moyoni, na yule kijana ajua vema kwamba kabla ya jua kutua nyumba tatu zitakuwa zimekwisha kuutaja ugonjwa wake kwa jina.

Ni kweli kwamba tangu zamani neno la unene lilikuwa sifa. Mtu aliyenona alikuwa na mahindi ghalani, na nyumba yake haikuwa na ugomvi. Wazee wengi husema hivyo hata leo kwa moyo mweupe, na ingekuwa ukali wa bure kuwakemea. Mtu akimwona rafiki yake aliyepona homa ndefu, akamwambia kwa furaha, "Sasa umenenepa," hakukosa kitu. Lakini maneno hubadilika maana. Siku hizi picha za katika simu zawafundisha wasichana kutamani wembamba, na katika miji ile ile ya Kongo wako wasichana wengine wanunuao vidonge ili wanenepe. Basi neno lililo sifa kwa bibi laweza kuwa tusi kwa mjukuu wake, na asemaye kwa haraka hajui limeanguka mahali gani.

Wembamba nao ulipata hukumu yake. Tangu ugonjwa wa ukimwi, ambao sisi katika Kongo twauita sida, ulipojulikana katika miaka ya 1980, aliyekonda alihukumiwa kabla hajafika kwa daktari. Miongoni mwao walikuwamo wagonjwa wa kifua kikuu, ugonjwa ambao kwa kawaida hupona kwa dawa zimezwazo kwa muda wa miezi 6. Wengine walijificha nyumbani, wakiyaogopa macho ya watu kuliko kikohozi chao, na katika kujificha huko waliwaambukiza watoto wao. Leo mtu mwenye virusi vya ukimwi anayezimeza dawa zake kila siku aweza kuwa na mwili mzuri na nguvu za kulima, huku jirani yake asiye na virusi akikonda kwa kisukari. Macho yatamsifu huyu na kumlaani yule, nayo yatakuwa yamekosea pande zote mbili.

Swali: Je, mtu hawezi kuujua unene ulivyo kwa kuutazama tu?

Jibu: Aweza kuuona, hawezi kujua umetoka wapi. Miguu iliyojaa yaweza kuwa ni maji yaliyobaki mwilini kwa sababu moyo au figo zimechoka. Uso wa mviringo waweza kutokana na dawa aliyopewa mgonjwa wa pumu. Mama aliyejifungua juzi hubeba bado mwili wa mimba. Mwingine alizaliwa katika ukoo wa watu wanene, na mwingine katika ukoo wa watu wembamba, wala hapana aliyeulizwa kabla ya kuzaliwa.

Sisi wa nchi ya shaba tunazo habari za zamani za kupimwa, na inafaa tuzikumbuke hapa. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906 na ambayo migodi yake ilitwaliwa na serikali mwaka 1967, haikumwandika mtu kazi kabla hajapita mbele ya daktari. Alipimwa urefu, akapimwa kifua, akapandishwa mizani. Kisha madaktari walifanya hesabu iliyotungwa na Pignet, daktari wa majeshi ya Ufaransa, aliyeitangaza mwaka 1901. Hesabu yenyewe ni nyepesi: twaa urefu wa mtu kwa sentimita, ukatoe kifua chake kwa sentimita pamoja na uzito wake kwa kilo. Namba inayobaki ikiwa ndogo, mtu huyo ahesabiwa mwenye nguvu. Ikiwa kubwa, ahesabiwa dhaifu.

Tuijaribu. Mwanamume wa kwanza ana urefu wa sentimita 170, kifua cha 85 na uzito wa kilo 60. Inabaki 25: mtu wa kadiri tu, karibu na udhaifu. Wa pili ana urefu uo huo, kifua cha 95 na uzito wa kilo 90. Hesabu yake yashuka chini ya sifuri kwa 15, basi kwa Pignet huyu ni shujaa.

Sasa twaeni hesabu nyingine, ile inayotumika katika hospitali hata leo. Mwenye kuibuni alikuwa Mbelgiji wa mji wa Gent, jina lake Adolphe Quetelet, aliyeishi tangu 1796 hata 1874. Kilo za mtu hugawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Siku hizi madaktari husema kwamba mtu mzima akipata tangu 18.5 hata karibu 25, uzito wake wafaa, na akifika 30 amenenepa kupita kiasi. Mwanamume wetu wa kwanza apata karibu 21, naye ni mzima kabisa. Yule shujaa wa Pignet apata 31, na daktari atamwonya.

Mwaona? Watu ni wale wale, mizani ni ile ile, na hesabu mbili za wataalamu zimetoa hukumu mbili zinazopingana. Quetelet mwenyewe alikuwa mtu wa nyota na wa hesabu, si daktari. Alitaka kujua jinsi miili ya watu wengi ilivyo kwa jumla, wala hakukusudia kumhukumu mtu mmoja mmoja. Na kampuni ilitafuta mikono ya kazi, basi tusistaajabu ikiwa ilimtazama mtu kama atazamavyo mnunuzi wa ng'ombe. La kustaajabisha ni kwamba jirani, asiye na mizani wala futi, wala haandiki watu kazi, hutoa hukumu kwa uhodari kuliko wote.

Katika Maandiko Matakatifu hata nabii alikosea hivyo. Samweli alipotumwa kwa wana wa Yese ili ampake mafuta mfalme, alimwona Eliabu, kijana mrefu wa umbo zuri, akafikiri moyoni kwamba ndiye. Mungu akamkataza, akamfundisha kwamba Yeye haangalii kimo wala sura kama binadamu, bali hutazama moyo. Tena kumbukeni Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mnene, tena mwenye maneno machache. Wanafunzi wenzake mjini Köln walimwita Ng'ombe Bubu, wakidhani kwamba mwili mzito una akili nzito. Mwalimu wao, Mtakatifu Alberto, aliwaambia kwamba mlio wa ng'ombe huyo ungesikika duniani kote. Na ndivyo ilivyokuwa, maana hata leo mapadri wafundishwa katika vitabu vyake.

Tomaso huyo huyo aliandika juu ya hukumu za moyoni, nami napenda sana fundisho lake. Asema kwamba mambo yenye mashaka yafaa yafasiriwe kwa upande mwema. Mtu akimpinga kwamba kwa njia hiyo tutakosea mara nyingi, Tomaso ajibu kwamba ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya, kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema. Kwa maana katika kosa la pili mtu hudhulumiwa, na katika la kwanza hadhulumiwi mtu.

Labda mmoja wenu atasema, "Lakini tumefundishwa kumwonya ndugu. Nami namwonya yule mnene kwa kuwa ulafi ni dhambi." Neno hili lataka kuangaliwa vizuri. Ulafi ni dhambi kweli, lakini haukuandikwa juu ya tumbo la mtu. Yuko mwembamba anayekula na kunywa pombe mpaka watoto wake walale na njaa. Yuko mnene ashikaye mfungo wa Kwaresima kuliko parokia nzima. Maonyo ya kindugu ni kwa ajili ya dhambi iliyo wazi, nayo hutolewa kwanza faraghani, watu wawili peke yao, kama Bwana wetu alivyoagiza. Uzito wa mwili si dhambi, na soko si faragha.

Tena litazameni lile shauri lenyewe. "Acha bukari ya usiku." Je, msemaji ajua kwamba katika nyumba nyingi bukari ya usiku, pamoja na sombe kidogo, ndicho chakula pekee cha siku nzima? Je, ajua kama mama huyo ananyonyesha? Mwingine hushauri, "Kimbia barabarani kila asubuhi," na barabara yenyewe ndiyo ile ya malori. Mwingine humpa aliyekonda shauri baya kuliko yote: humpeleka kwa muuza vidonge. Katika miji ya Kongo dawa iitwayo deksametasoni huuzwa kwa watu watakao kunenepa upesi. Ni dawa ya kweli, madaktari huitumia kwa magonjwa makubwa. Lakini akiimeza mtu asiyeihitaji, siku baada ya siku, huongeza sukari katika damu, hupandisha shinikizo la damu, huidhoofisha mifupa. Wala hawezi kuiacha ghafula, kwa kuwa mwili umekwisha kusahau kutengeneza kitu cha namna hiyo wenyewe, naye aweza kuzimia au kufa. Mashavu yaliyosifiwa sokoni yalijaa kwa njia hiyo. Aliyeshauri alishauri bure. Aliyeshauriwa ndiye aliyelipa.

Rafiki za Ayubu walikuja kumtazama katika mateso yake. Siku saba mchana na usiku walikaa naye chini, wala hapana aliyesema neno, nao walifanya vema. Walipofumbua midomo wakaanza kumweleza sababu za ugonjwa wake, walikosa, na Mungu aliwakasirikia.

Swali: Basi mkristu asiseme neno kamwe juu ya mwili wa mwenzake?

Jibu: Aseme akiulizwa, kwa kadiri ajuavyo, na kwa upole. Asiyejua ampeleke kwa ajuaye. Na kwa mtoto mdogo asingoje kuulizwa, maana mtoto hawezi kujisemea.

Hapa nataka mnisikilize zaidi, hasa akina mama. Uko ugonjwa uitwao kwashiorkori, ambao huwapata watoto waliokosa chakula chenye kuujenga mwili, mara nyingi walioachishwa ziwa wakabaki na uji mtupu na bukari tupu. Mtoto huyo hafanani na mwenye njaa. Mashavu yamejaa na miguu imevimba, na mpita njia humsifu mama yake kwa kulea vema. Kumbe ni maji, na mtoto yu karibu na kufa. Mwangalieni: hachezi, hataki kula, nywele zake zabadilika rangi na kung'oka upesi. Bonyezeni kwa kidole gumba juu ya mguu wake, mguu wa kuume na wa kushoto, mkihesabu sekunde 3, kisha mwondoe kidole. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Kwa mtoto aliyekonda, wauguzi hutumia utepe wa rangi wauzungushao mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hata miaka 5. Ukionyesha rangi nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, hali yake ni ya hatari.

Ukiliona jambo hilo kwa mtoto wa jirani, usilitangaze kisimani. Nenda nyumbani kwake jioni, umwite mama yake kando. Usimwulize amemlisha nini; pengine hakuwa na kitu, naye ajua hivyo kuliko wewe. Mwambie, "Mama, kesho asubuhi na mapema twende pamoja kituoni. Wadogo wengine watabaki kwangu, binti yangu atawapikia." Chukua na maji ya njiani, kwa maana mstari wa wagonjwa huwa mrefu.