Kuuziana Ardhi kwa Haki

Tuseme mtu ananunua shamba la alizeti huko Mkiwa, mkoani Singida, pale njia ya Itigi inapokutana na barabara kuu ya Manyoni na Singida. Fedha zinatolewa mbele ya majirani wawili, hati inatiwa sahihi, na kila mmoja anakwenda zake. Baada ya miaka mitatu muuzaji anafariki, na watoto wake wanasema: "Hili ni shamba la baba yetu." Je, hati ile yatosha kumwokoa mnunuzi?

Kurani Tukufu, katika Sura ya pili, inaagiza deni liandikwe na mashahidi wawepo watu wanapouziana. Agizo hilo lina hekima kubwa. Lakini shahidi huthibitisha tu kwamba mapatano yalifanyika. Hawezi kumpa muuzaji mamlaka asiyokuwa nayo.

Yafaa ifahamike kwamba katika Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Auzacho mtu ni haki ya kuitumia. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mauzo yake yahitaji idhini yake. Sahihi ya mwenyekiti peke yake siyo idhini. Idhini ni uamuzi wa kikao, ulioandikwa katika muhtasari. Hata kabla ya sheria hiyo, mwaka 1985, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa ni batili mauzo ya ardhi ya kijiji yaliyokosa idhini hiyo.

Basi mnunuzi na afanye haya: kwanza, aulize majirani mipaka na historia ya shamba; pili, ahakikishe mke au mume wa muuzaji ameridhia; tatu, apate idhini ya halmashauri kabla ya kumaliza kulipa.

Ugomvi ukitokea, Baraza la Ardhi la Kijiji hupatanisha. Baraza la Kata nalo, tangu mwaka 2021, hupatanisha tu, wala haliamui. Suluhu ikishindikana, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufani yake Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Asichelewe mdai, kwani dai la kurudishiwa ardhi hufa baada ya miaka 12.

Na wale watoto je? Huenda wakashinda barazani kwa sababu idhini ilikosekana. Lakini ikiwa wanajua kwamba baba yao alipokea fedha, fedha hizo ni deni juu ya mirathi yake. Mtume Muhammad (s.a.w.) alionya kwamba yeye huhukumu kwa ayasikiayo, na atakayepewa kwa hukumu hiyo haki ya nduguye, amepewa kipande cha moto. Hukumu ya baraza yaweza kurudisha shamba. Haiwezi kuhalalisha dhuluma.